Naomba ushauri: spritz inafaa kuagizwa Venice?

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa na tunakwenda Venice. Kila anayetusimulia mji ule anataja spritz, kinywaji cha kilevi cha huko.

Mchanganyiko wake naujua: prosecco (divai nyeupe ya Italia yenye mapovu) sehemu 3, Aperol (kileo cha Italia chenye uchungu kidogo na rangi ya chungwa) sehemu 2, soda sehemu 1, barafu tele na kipande cha chungwa. Aperol, iliyoanzia Padova mwaka 1919, ina kilevi asilimia 11 tu. Hilo ni jema, maana mke wangu hapendi kinywaji kikali.

Kinachonisumbua ni barafu. Niliwahi kuagiza spritz kwenye hoteli moja Dar es Salaam, glasi kubwa kama bakuli. Mafunda manne tu, ikabaki barafu na maji yenye rangi ya chungwa. Pesa ile ingenipatia bia tatu baridi. Niliumia kweli.

Nasikia wenyeji wa Venice hupenda kutumia Select, kileo chekundu cha huko, badala ya Aperol, na hutia zeituni ndani. Je, spritz ya Select ni chungu sana kwa mtu asiyezoea? Au tuagize prosecco tupu? Na mkinywa mmesimama kaunta, bei inapungua kiasi gani? Waliowahi kufika, nisaidieni.