Jiwe jeusi linanasa sumaku, nimalizie hela au niache? Ushauri wa haraka wakuu

Pambazuko85: Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa kiutu uzima, matusi sitaki, nina mawazo ya kutosha. Nina jiwe jeusi ukubwa wa ngumi, zito ajabu, kama kilo nne hivi. Ukisogeza sumaku ya spika ya redio inanasa kwa kishindo, mpaka uibandue kwa nguvu. Nimelivunja pembeni, ndani linametameta. Swali langu ni moja tu: haya ni madini gani na mnunuzi yuko wapi? Anayejua aje inbox, anayetaka kucheka apite kimya.

Ngosha wa Igoma: Mjerumani alikimbia Mwanza 1916 akasahau mizigo yake. Mrudishie mkuu.

Mama Kidawa: Uzi bila picha?

Pambazuko85: Picha siweki. Humu kuna fisi.

Dereva Mstaafu: Kijana, hilo ni jiwe la chuma. Nimeendesha lori Njombe hadi Ludewa miaka mingi, Liganga kule mawe ya hivyo ni mlima mzima, unayakanyaga tu. Wanasema tani milioni 126 na ushee, tena ndani yake kuna metali za titani na vanadi. Nilipoanza kazi tuliambiwa chuma kinaanza kuchimbwa mwakani. Nimestaafu, nina wajukuu saba, bado ni mwakani. Barabara ile ukipita masika unakutana na ukungu huoni hata boneti yako mwenyewe. Kuna siku tulilala njiani watu wanne ndani ya kichwa cha lori, turnboy akawa anakoroma... hiyo nitawasimulia siku nyingine.

Jiolojia ya Mtaani: Kwa maelezo yako inaelekea ni magnetiti, madini ya chuma yanayonasa sumaku. Ikiwa safi, uzito wake asilimia 72 ni chuma. Ila kabla ya kusema ndiyo: sugua jiwe nyuma ya kigae cha sakafuni, ule upande usiong'aa. Likiacha mstari mweusi ni magnetiti. Likiacha mwekundu wa kahawia ni hematiti, ndugu yake. Angalia pia kama lina vitundu kama mkate. Likiwa navyo, huenda ni mavi ya chuma tu, masalia ya wahunzi wa zamani. Na bei usiiote sana. Chuma huuzwa kwa meli, si kwa mfuko. Miaka hii tani nzima ya mawe yake inacheza kwenye dola 100 hivi, yaani kilo yako haifiki bei ya nusu kilo ya sukari.

Halafu hujasema: limetoka wapi?

Pambazuko85: Kanda ya Ziwa. Inatosha mkuu. Mstari ni mweusi, nimejaribu sasa hivi. Vitundu hakuna.

Jiolojia ya Mtaani: Sikuombi njia ya kufika. Nataka kujua majirani wa hilo jiwe. Mawe ya pale yana mistari myekundu na myeusi iliyopangana kama kitenge? Au ni meusi yenye ukijani? Au ni yale makubwa ya kijivu yaliyopandana kama lile Jiwe la Bismarck pale Mwanza?

Pambazuko85: Hayo ya mwisho. Makubwa, kijivu, ukiangalia karibu yana chembe nyeupe na za pinki. Lakini jiwe langu halifanani nayo kabisa, ndiyo maana nikajua haya ni madini.

Apolo wa Zamani: Mimi nimekula vumbi la Geita miaka tisa, sikiliza. Kule ndiko kwenye hayo mawe ya kitenge. Mstari wa chuma, mstari wa jiwe gumu kama kioo, mstari wa chuma. Sumaku inanasa kwenye mweusi. Lakini sisi hatukuwa tunafuata chuma. Tulikuwa tunatafuta pale ambapo mweusi umebadilika ukawa na vimetameta vya njano, vile vinavyodanganya wageni. Kuna mtu wa kampuni alitueleza kwamba maji ya moto yenye salfa yalipita kwenye nyufa, salfa ikakamatana na chuma cha magnetiti, ndipo dhahabu iliyokuwa ndani ya hayo maji ikashindwa kuendelea na safari, ikabaki pale pale. Nilichopata mimi ni kifua kibovu na baiskeli.

Pambazuko85: Kwa hiyo dhahabu inaweza kuwepo?

Ngosha wa Igoma: Kati ya maneno yote yale ameokota moja 😂

Jiolojia ya Mtaani: Pambazuko, mwamba wako ndio unaonipa shida. Mawe uliyoyataja ni granaiti. Magnetiti kwenye granaiti ipo, tena granaiti nyingi za kijivu zinayo, ila kama chembe, nyingine huzioni kwa macho, na mara nyingi haifiki hata sehemu mbili katika mia. Bonge la ngumi halizaliwi hivyo.

Liganga ni habari nyingine. Kule mwamba wa moto ulipoa polepole chini ya ardhi, ni mawe yanayoitwa gabro na anothositi, na magnetiti ikajikusanya pamoja mpaka ikawa miamba mizima. Geita nako ni tabaka zilizotulia chini ya bahari zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, baadaye zikakandamizwa na kupikwa kwa joto. Ziko nyingine zinazotokea pale mwamba wa moto unapoingia kwenye chokaa. Hata lile jiwe la kijani lenye sura ya ngozi ya nyoka, kama la Haneti kule Dodoma, ukiliwekea sumaku inashika, kwa sababu maji yalibadilisha madini yake ya zamani na chuma kilichobaki bila kazi kikawa magnetiti. Kila jiwe na kwao. Hilo lako kwao si kwenye granaiti.

Naomba jibu la moja kwa moja: uliliokota mwenyewe?

Pambazuko85: Mkuu mnauliza sana. Mimi nimeuliza soko.

Mama Kidawa: Hajajibu.

Kaka wa Baridi: Niko Sweden kaskazini, kidogo nichangie. Kiruna hapa wanachimba magnetiti chini ya ardhi, na mgodi umekula ardhi mpaka mji unahamishwa. Agosti 2025 walibeba kanisa zima la mbao likiwa limesimama, tani mia sita na kitu, wakalipeleka kilomita tano. Nilikwenda kuangalia, mfalme naye alikuja. Na bado wataalamu wanabishana: chuma cha Kiruna kilitoka kwenye uji wa moto moja kwa moja au kililetwa na maji ya moto? Basi mleta mada usione haya kutojua.

Mama Kidawa: Wamehamisha kanisa na waumini wameridhia? Huku sisi kuhamisha mimbari tu kanisa linagawanyika.

Pambazuko85: Haya nisemeni basi. Kuna shamba njia ya Magu, ekari tano, milioni tisa. Nimetoa kishika uchumba milioni tatu. Jiwe alinipa dalali, kalitoa kwenye gari lake, akasema lilichimbwa pale pale. Lakini msikimbilie kusema nimepigwa! Tulikwenda shambani pamoja. Alichukua sumaku akaikokota kwenye korongo mbele ya macho yangu, ikatoka na ndevu nyeusi. Nikaomba na mimi, nikakokota, zikatoka tena. Huyo ni mtu mzima, tunasali naye.

Ngosha wa Igoma: KALITOA KWENYE GARI.

Jiolojia ya Mtaani: Hizo ndevu ndizo chembe nilizokueleza. Granaiti inaoza, chembe zake zinaachana, mvua inazisomba. Mchanga mweupe una uzito wa mara 2.65 ya maji, magnetiti ni kama mara 5.2. Maji yakipungua kasi, cheusi kinatangulia kutua na cheupe kinaendelea kwenda. Ndiyo maana unakuta michirizi myeusi kwenye korongo na ufukweni. Kokota sumaku kwenye korongo lolote la Usukumani utapata ndevu. Kokota hata kwenye rundo la mchanga wa mtu anayejenga. Dalali hakudanganya kuhusu sumaku.

Pambazuko85: Kwa hiyo yapo ila kidogo?

Shangazi Tausi: Hiyo milioni tatu ni ya nani? Mkeo anajua?

Pambazuko85: Ni hela ya nyumbani.

Shangazi Tausi: Sikuuliza ya wapi, nimeuliza ya nani.

Sheria Mkononi: Jambo ambalo hamlisemi: hata yangekuwepo, ukinunua shamba hujanunua madini. Madini ni mali ya nchi. Unahitaji leseni ndogo kutoka Tume ya Madini, na anaweza kuja mwingine kabisa akakata leseni juu ya mihogo yako, mkabaki kuzungumza fidia. Kabla ya kumalizia hela, kaulize kama eneo lina leseni ya mtu.

Mzee wa Data: Jamani tulieni. Hii ni chai. Ngumi ya mtu mzima ni kama mililita 300. Jiwe la ukubwa huo la magnetiti tupu ni kilo moja na nusu. La chuma kitupu halifiki kilo mbili na nusu. Hata la risasi lingekuwa kilo tatu na kidogo. Yeye anasema kilo nne! Labda ni dhahabu. Pili, akaunti imefunguliwa leo. Tatu, picha hataki. Mimi naona dalali ni yeye mwenyewe, anapasha shamba moto. Wiki ijayo utamwona jukwaa la matangazo: "shamba lenye madini, njia ya Magu".

Mama Kidawa: Nilihisi! Ndiyo maana ametaja ekari na bei bila kuulizwa.

Dereva Mstaafu: Mimi nimemwandikia vyote vile kwa simu ya kitochi, kumbe ni chai.

Ngosha wa Igoma: Sukari iko wapi tunywe?

Kaka wa Baridi: Mkumbuke mtu anaweza kukosea kukadiria uzito bila kuwa tapeli.

Mzee wa Data: Kaka, wewe uko kwenye theluji, madalali wa huku huwajui.

Pambazuko85: Mungu anawaona. Nimefungua akaunti leo kwa sababu usingizi sipati. Nimekwenda kwa mangi sasa hivi, amefunga nimemgongea dirishani. Mzani unasema kilo moja na gramu 400. Nilikadiria kwa mkono, ni kosa? Nikalizamisha kwenye jagi lililojaa, maji yaliyomwagika nikayapima kwa chupa ya dawa ya mtoto, mililita 280. Mzee wa Data piga hesabu zako.

Mzee wa Data: Tano kamili.

Jiolojia ya Mtaani: Hiyo ni magnetiti yenye uchafu kidogo. Jiwe ni la kweli.

Mzee wa Data: Jiwe nimelikubali. Mleta mada bado.

Shangazi Tausi: Mtoto anatafutiwa dawa na chupa yake inapimia mawe. Narudia, mkeo anajua?

Pambazuko85: MREJESHO. Samahani kwa kupotea siku tatu. Nilikwenda shamba peke yangu na jembe na sumaku. Nimechimba mashimo manne ya kufika kifuani. Juu mchanga, chini granaiti iliyooza, unaisaga kwa vidole. Ndevu zipo. Bonge hata moja hakuna. Nilipompigia, dalali amesema madini yenyewe yako mita 30 chini, hayo ya juu ni dalili tu, na nimalizie Ijumaa maana kuna Mchina. Nimewaza, kweli mita 30 nani anaona? Inawezekana lakini?

Jiolojia ya Mtaani: Ndugu yangu, magnetiti ndiyo madini yasiyojua kujificha. Bonge kubwa chini ya ardhi linavuta hata sindano ya dira. Tembea na dira shamba zima kwa mistari, uone kama kaskazini inahama. Hata ndege hupita angani kupima usumaku wa ardhi, na ramani zake ziko Dodoma kwa Taasisi ya Jiolojia. Kaulize ramani ya eneo lako, itakugharimu kidogo kuliko milioni sita.

Pambazuko85: Dira ya simu inafaa? Maana nilijaribu jana, ikazunguka kama imerogwa! Ndipo nikapata moyo.

Jiolojia ya Mtaani: Sumaku ya spika ulikuwa umeiweka wapi?

Pambazuko85: Mfukoni.

Ngosha wa Igoma: 😂😂😂 nimekaa chini.

Shangazi Tausi: Mimi sicheki. Nenda kesho kwa mwenyekiti wa kijiji na karatasi ya kishika uchumba, kabla ya huyo Mchina.

Pambazuko85: Karatasi hatukuandikiana, shangazi. Nilisema tunasali naye.

Mwalimu wa Jografia: Samahani kuingilia. Nafundisha miamba kidato cha tatu na sina sampuli hata moja, wanafunzi wanachora tu kutoka ubaoni. Hilo jiwe lako ndugu Pambazuko, kama hulihitaji tena, unaniuzia shilingi ngapi?

Pambazuko85: Milioni tatu. Maelewano yapo.