Geprek, penyet, kremes au Kalasan: mgeni wa sambal aanze na kuku yupi?

Mgeni_Yogya
Wakuu, habari za jioni. Niko Yogyakarta, Indonesia, kimasomo. Mtaa ninaokaa umejaa vibanda vya kuku wa kukaanga na pilipili, na kila kibao kina jina lake: ayam geprek, ayam penyet, ayam kremes, ayam Kalasan, pecel ayam. Ukitazama mezani unaona vitu vilevile, kuku, wali, matango na kibakuli cha sambal, ile pilipili ya kuponda. Wenzangu wa darasani wanataka tutoke Jumamosi na wameniachia nichague. Pilipili nakula, ila za kushindana siziwezi. Mfuko ni wa mwanafunzi. Nianze na yupi, na wanatofautianaje hasa?

Kuku_wa_Mtaa
Karibu mkuu. Tofauti inaanzia kabla kuku hajagusa mafuta.

Penyet anachemshwa kwanza, wenyewe wanaita ungkep. Kuku anaingia sufuriani na manjano, giligilani, kitunguu saumu, tangawizi, khulinjani, mchaichai na maji kidogo, moto wa chini, mpaka mchuzi unakaribia kukauka na nyama imeiva kabisa. Kukaanga ni kumalizia tu, wala hapakwi unga. Ukimfungua unakuta unjano umefika mfupani. Halafu analazwa juu ya cobek, kile kinu bapa cha jiwe, anagongwa kwa mchi kidogo tu hadi nyama inaachana, na sambal inapenya humo. Huyo ni wa Jawa Mashariki, na watu wa Surabaya hawakubali mjadala.

Geprek ni mtoto wa hapohapo ulipo. Wengi wanamtaja Bu Rum wa Yogyakarta, mwaka 2003, kwamba ndiye aliyemwanzisha. Huyu ni kuku wa unga, yule mwenye ganda la kukwaruza, anapondwa pamoja na pilipili mbichi na vitunguu saumu. Nyama yenyewe haina mambo mengi, kazi yote inafanywa na ganda na pilipili.

Binafsi nasema penyet. Mpishi akibania sambal, kwa penyet bado umekula kuku mtamu. Kwa geprek umekula unga.

Pilipili_Mbuzi
Hapo kwa geprek umeonea, mkuu. Mwanafunzi wa Yogya asile geprek? Ndiyo chakula cha bajeti, na wali juu unazungumzia rupia 15,000 hadi 20,000 kwenye vibanda vya karibu na vyuo.

Na kwa mtu asiyeziweza pilipili kali, geprek ndiyo salama kuliko zote, kwa sababu unataja mwenyewe idadi. Muuzaji anauliza unataka ngapi, unajibu mbili, anazihesabu mbele ya macho yako, anatia kinuni na kitunguu saumu na chumvi, anaponda, anamwagia kijiko cha mafuta ya moto, kisha kuku analazwa juu na kupondwa. Sambal ya penyet mara nyingi imeshatengenezwa kabla hujafika, ukali wake ni bahati yako.

Ila hizo pilipili, wanaziita rawit, ni ndogo na hazina utani, ni ndugu wa pilipili kichaa zetu. Na zinaliwa mbichi, kwa hiyo moto unapanda papo hapo. Anza na mbili. Ukisikia jirani yako ameagiza kumi na tano, muache na maisha yake.

Kitu kingine: ikikuzidi usikimbilie maji. Kinachounguza hakiyeyuki kwenye maji, unakisambaza tu mdomo mzima. Wali mkavu au maziwa ndiyo dawa. Ile chai baridi ya sukari kila mtu anainywa kwa sababu ni tamu na bei yake ni ndogo, si kwa sababu inazima.

Bi_Pwani
Wanangu, mbona mnampeleka mgeni kwenye moto moja kwa moja? Mimi mtu wa Mombasa, naishi Jakarta, na nikipata wageni kutoka nyumbani nawaanzishia kremes au Kalasan.

Kalasan ni eneo la mashariki ya Yogya, njia ya kwenda hekalu la Prambanan, kwa hiyo mwanangu uko karibu kabisa. Kuku wake anachemshwa kwa maji ya nazi na sukari ya mnazi, anatoka wa hudhurungi, ana utamutamu. Sambal yake nayo ina sukari. Mtoto mdogo anamla.

Kremes ndiyo napenda kuitazama ikipikwa. Ule mchuzi wa ungkep uliobaki hautupwi. Unachanganywa na unga wa wanga uwe mwepesi kama maji, unamwagwa kwa mkono kutoka juu kwenye karai la mafuta mengi. Unafura povu, ukitulia unakuta utando wa vijitundu kama kazi ya mshona lesi, unakunjwa na kuwekwa juu ya kuku. Ukiuchanganya na wali na sambal kidogo, hutauliza kuku kaenda wapi.

Na Jakarta ukipata nasi uduk usipite. Ni wali wa nazi, wanautia na mchaichai. Utajiona uko nyumbani.

Lamongan_Tu
Nyote mnazungumzia migahawa yenye viyoyozi na menyu ya picha. Kuku wa kweli yuko kwenye hema la barabarani usiku. Watu wa Lamongan, Jawa Mashariki, wamesambaza mahema hayo nchi nzima. Unayajua kwa pazia la kitambaa mbele, limechorwa kambare, bata na jogoo kwa rangi zinazowaka mpaka ng'ambo ya barabara. Jua likizama linatundikwa, usiku wa manane linakunjwa.

Hiyo ndiyo pecel ayam ya kwenye orodha yako. Huko kwao wanaita penyetan. Usitegemee mchuzi wa karanga, huo ni wa pecel ya mboga. Hapa sambal ni ya nyanya na pilipili zilizokaangwa kwanza, na terasi. Pembeni kabichi mbichi, tango, na kemangi, jamii ya mrehani. Ongeza tempe ya kukaanga, ile ya soya iliyochachushwa, bei yake haifiki popote.

Njoo_Tule
Wanakula kwa uma au kwa mkono? Naulizia tu, isije mtu akaaibika.

Lamongan_Tu
Mkono wa kulia, mkuu. Utaletewa kibakuli cha maji chenye kipande cha limau. Ni cha kunawia, usinywe.

Kuku_wa_Mtaa
Nirudi kwa jambo moja ambalo Lamongan_Tu amelipita haraka. Terasi ni uduvi uliochachushwa na kusagwa, na sambal nyingi za penyet zinayo. Wenye mzio wa kamba na jamii yake waulize kabla. Nafuu yao kwa kawaida ni sambal bawang, ya pilipili, vitunguu na mafuta, ila hata hiyo waiulizie. Harufu ya terasi ikichomwa nayo si ya kila mtu, ila ikishaingia kwenye nyanya inageuka kitu kingine kabisa.

Na uangalie kibao kama kimeandikwa ayam kampung. Huyo ni kienyeji, bei iko juu, mwili mdogo, nyama ina mkazo. Kwa ungkep anafaa sana kwa sababu anavumilia moto mrefu. Geprek karibu zote ni kuku wa kisasa, na sioni ubaya, ukimpa kienyeji unga na pilipili utakuwa umempoteza bure.

Pilipili_Mbuzi
Nakubali kuhusu kienyeji. Ila geprek ya jibini iliyoyeyushwa juu hujaisema, na wanafunzi wanaifia.

Kuku_wa_Mtaa
Sijaisema kwa makusudi.

Bi_Pwani
Jibini juu ya pilipili mbichi! Vijana mna matumbo ya chuma.

Mgeni_Yogya
Shukrani nyingi wakuu, na Bi Pwani shikamoo. Jumamosi mchana tunaenda Kalasan kwa pikipiki, mwenzangu mmoja anapajua. Usiku tukirudi, hema la Lamongan lililo nyuma ya bweni, maana sasa nimeelewa lile pazia la kambare ni la nini. Geprek itasubiri wiki ya mitihani, pilipili mbili kama nilivyoshauriwa. Lamongan_Tu, kwenye hema niombe paja au kidari? Naona wenyeji wanataja kabla hata hawajakaa.

Lamongan_Tu
Paja. Kidari kikishakaangwa kinakauka, na saa tatu usiku mapaja yameisha, kwa hiyo wahi.