Ziwa limepasuliwa mara tatu na bado linatoa usaha, naombeni ushauri

MamaWawili_Moro
Habari zenu wana jamvi. Nina miaka 33, niko Morogoro, mtoto wangu wa mwisho ana miaka mitatu na ziwa nilishamwachisha zamani. Mwezi wa pili nikagusa uvimbe mgumu kama kokwa ya embe ziwa la kushoto, upande wa kwapani, baada ya wiki mbili ngozi ikaiva ikawa inawaka, nikaenda hospitali wakasema jipu, wakapasua, nikapewa amoksilini na sindano za siku tano. Likafunga halafu likaota lingine kidole kimoja tu kutoka kwenye kovu, likapasuliwa, mwezi wa saba tena. Sasa nina matundu mawili hayafungi kabisa, kila asubuhi nakunja kipande cha kanga nakiweka ndani ya sidiria kabla sijapanda daladala na ikifika saa nane mchana kimelowa chote. Usaha walipima wakasema hakuna mdudu. HIV sina, sukari iko sawa. Daktari mmoja anataka nianze dozi ya TB, mwingine anasema bora titi litolewe, mama mkwe anasema hilo ni chango. Silali. Aliyepitia aniambie ukweli hata kama ni kansa.

BintiPangani
Pole sana dada yangu, nimesoma nikaona kama najisoma mimi. Je walichukua kinyama wakapeleka patholojia, kule wanakochunguza nyama kwa hadubini? Maana mimi nilikaa miezi tisa napasuliwa tu hakuna aliyechukua nyama, siku walipochukua ikaonekana ni granuloma mastaitisi, yaani titi linavimba na kujaa vinundu vidogo vya uvimbe (granuloma), sio kansa. Huo ugonjwa unapenda sana kina mama wa miaka thelathini na kitu ambao wamezaa ndani ya miaka kama mitano hivi. Na kila wakipasua ndio tundu jipya. Nikuulize kitu, miguuni kwenye ugoko hujapata manundu mekundu yanayouma ukiyagusa? Mimi yalinitoka na magoti yakakaza, kumbe ni huohuo ugonjwa.

Kijana_wa_Maabara
Dada hiyo "hakuna mdudu" usiichukulie kama imeisha. Kuna bakteria anaitwa Corynebacterium kroppenstedtii, anaishi kwa mafuta, kwenye sahani za kawaida za kuoteshea anaota taratibu sana au haoti, na akiota wengi wanamtupa wakidhani ni uchafu wa ngozi tu. Mwambie daktari aandike kwenye fomu kabisa kwamba anamtafuta huyo, sampuli iwekewe Tween 80 (kitu chenye mafuta cha kumlisha aote) na isitupwe baada ya siku mbili. Hata patholojia wanaweza kumwona akiwa ndani ya vitundu vya mafuta katikati ya granuloma. Ndio maana amoksilini haikusaidia, huyu mara nyingi anahitaji dawa zinazoingia kwenye mafuta kama doksisaiklini, na kwa wiki nyingi.

Mzee_Kigogo
Saga kitunguu saumu ubandike usiku, utakuja kunishukuru.

Nesi_Mstaafu
Mzee wangu shikamoo, ila hapana, kitunguu kwenye kidonda kibichi kinaunguza ngozi, nimehudumia watu wa hivyo.
Mwanangu, TB ya titi ipo kweli na inafanana na hii, kwa hiyo usiikatae, omba hicho kinyama kipimwe GeneXpert, kipimo cha mashine cha TB, kwanza. Wengi wenye granuloma wanapewa predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe inayoshusha kinga ya mwili, na inasaidia, ila ukiipewa huku una TB iliyojificha utaumia, ndio maana mpangilio ni kinyama kwanza, dawa baadaye. Kama unaweza kuwa na mimba sema mapema, doksisaiklini haitakufaa. Titi lisitolewe kabla ya majibu. Huu ugonjwa unaweza kuchukua mwaka hata miwili, lakini unapoa.

MamaWawili_Moro
Nimelia nikisoma. @BintiPangani manundu ninayo, mguu wa kulia mawili, nilijua ni mbu. Kinyama nimekumbuka walichukua mara ya tatu, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili, sikurudi kwa sababu hela ya majibu ilikuwa imeisha. Nimepiga simu leo, majibu yapo. Mume wangu amesema Ijumaa tunaenda wote na hayo ya Tween 80 nimeyaandika kwenye karatasi.