Mikoko ya wanafunzi inakufa, tunakosea wapi?

MwalimuPwani
Wadau, nafundisha darasa la tano upande wa Tongoni, Tanga. Mwezi wa tatu wafadhili walituletea miche 300 ya mkoko kwenye viriba. Watoto wangu 42 na vijana wa kujitolea wakaipanda mbele kabisa, bahari inapoanzia. Picha zikapigwa, soda zikanywewa. Juzi tumekwenda kuhesabu: 17. Mingine imefukiwa na mchanga, mingine imebaki vijiti vyeusi. Binti mmoja alifunga kitambaa chekundu kwenye mche wake. Kitambaa tumekikuta, mche hakuna. Sasa wafadhili wanataka turudie, palepale!

MzeeWaDau
Pole mwalimu. Hapo mbele si pa mkoko, ni pa mlilana, mti mwingine wa jamii ya mikoko, ule wenye mizizi minene iliyochomoza juu kama vigingi. Mkoko hukaa nyuma yake, kwenye tope. Mchu, nao wa jamii hiyohiyo, ndio unaosogea hadi karibu na nchi kavu. Mizizi yake myembamba kama penseli. Na kama hapo mlipopanda hapajawahi kuota mti tangu enzi za babu zetu, mawimbi hayatawahurumia nyinyi. Ngojeni bamvua (siku bahari inapojaa na kupwa sana), maji yakishakupwa muingie na watoto, mtazame kila mti umejiotea wapi. Watakuzidi kujua, usione vibaya.

BintiKaole
Sisi huku Bagamoyo viriba tuliviacha. Kulikuwa na shamba la chumvi lililotelekezwa, tuta limezuia maji yasiingie. Tukaomba kwanza ruhusa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (msiguse bila ruhusa, mikoko ni msitu wa hifadhi), tukalikata tuta sehemu mbili kwa majembe. Mbegu za mchu zikaja na maji zenyewe. Kazi ya wanafunzi ni kuhesabu: wanaweka kamba ya mraba, mita moja kwa mita moja, wanahesabu mashimo ya kaa na miche iliyojiotea, kila mwezi. Wanagombania kushika daftari. Siku hizi ndege wanatua pale, yangeyange na sululu. Ila wavae viatu, magome ya chaza yanakata vibaya.

MwalimuPwani
Shikamoo mzee, na ahsante dada. Leo nimeuliza darasani nani anaujua mlilana. Mikono 12! Mmoja akasema baba yake huchongea mataruma (mbavu) ya mashua. Mimi nimesoma chuo na sikuujua. Nimewaandikia wafadhili safari hii wasilete viriba, walete mabuti 42. Bado kimya.