Mjadala: Watumishi wa serikali ya Marekani walioondoka 2025, waliondoka kwa hiari kweli?

Wadau, habari zenu. Naomba tuijadili hoja hii bila kuoneana haya, kwa sababu huku Maryland na Virginia kila nikikutana na ndugu zetu walioajiriwa serikalini maongezi yanafika palepale: uliondoka au ulibaki? Na kama uliondoka, ulipenda?

Agosti 2025 Scott Kupor, mkurugenzi wa OPM, ofisi inayosimamia watumishi wa umma wa serikali kuu ya Marekani, alisema kwamba hadi mwisho wa mwaka watumishi wapatao 300,000 watakuwa wametoka, na kwamba takriban asilimia 80 yao wanaondoka wenyewe, asilimia 20 tu ndio wanaofukuzwa. Tangu hapo hesabu hiyo inatumika kama hati ya kutakasa jambo zima. Mimi naikataa. Sisemi kila aliyeondoka alionewa. Ninachosema ni kwamba mamia ya maelfu ya watu wamewekwa kwenye kapu la waliochagua, ilhali wengi wao hawakupewa nafasi ya kuchagua.

Kwa wasiofuatilia: tarehe 28 Januari 2025, siku nane tu baada ya Rais Trump kuapishwa, watumishi zaidi ya milioni mbili walipokea barua pepe yenye kichwa "Fork in the Road". Ni kichwa kilekile ambacho Elon Musk alikitumia kwa wafanyakazi wa Twitter mwaka 2022. Ofa ilikuwa hivi: jibu kwa neno moja, "Resign", kabla ya 6 Februari, nawe utaendelea kupokea mshahara na marupurupu mpaka 30 Septemba, bila kubanwa na amri mpya ya kurudi ofisini siku zote za kazi. Ukibaki, barua ilikuambia waziwazi kwamba serikali haiwezi kukuhakikishia nafasi yako, wala hata idara yako. Na kwenye ukurasa wa maswali na majibu ya mpango huo, OPM iliwahimiza watu watoke kwenye kazi za umma zenye tija ndogo waende sekta binafsi kwenye tija kubwa. Hebu fikiria ni mkaguzi wa chakula au mtabiri wa hali ya hewa anayesoma maneno hayo kutoka kwa mwajiri wake.

Vyama vya wafanyakazi, AFGE, chama kikubwa cha watumishi wa serikali kuu, kikiwa mbele, vilikwenda mahakamani Boston. Jaji George O'Toole alisogeza tarehe ya mwisho, kisha 12 Februari akaondoa zuio kwa hoja kwamba vyama hivyo havikuwa na haki ya kisheria ya kufungua shauri lile. Hakuamua kama mpango ulikuwa halali. Jioni hiyohiyo dirisha likafungwa, watu wapatao 75,000 wakiwa wameshakubali. Baadaye idara moja moja, kama Ulinzi, Kilimo na Hazina, zilifungua awamu zao, na kufikia Julai jumla ilikuwa takriban 154,000.

Sasa nieleze ninaposimama. Mtu akiambiwa aache ajira ya miaka ishirini, anahitaji muda, anahitaji kuonyeshwa kwa maandishi atapata nini, na anahitaji kujua asipokubali itakuwaje. Januari ile watumishi walipewa siku tisa. Makadirio ya mafao hawakupewa. Na kuhusu kubaki waliambiwa tu kwamba huenda kusiwe na pa kubaki.

Nitoe mfano ninaoufahamu kwa karibu. Dada mmoja, umri miaka 47, utumishi miaka 21, alikuja kwangu wikiendi ya kwanza ya Februari na bahasha ya karatasi zake: fomu ya ajira yenye tarehe ya kuanza kazi, hati ya mshahara ya mwisho, na taarifa ya akiba yake ya uzeeni ya TSP. Wastani wa mishahara yake ya miaka mitatu ya juu ulikuwa kama dola 90,000. Alikuwa ameshaandika lile neno moja kwenye simu, bado kutuma tu. Tukakaa mezani kupiga hesabu.

Akijiuzulu anapata mshahara hadi Septemba, yaani kama wiki 34. Pensheni yake, kwa kanuni ya FERS, mfumo wa pensheni wa watumishi wa serikali kuu, ni asilimia 1 ya ule wastani mara miaka ya kazi: dola 18,900 kwa mwaka. Lakini kwa umri wake asingeanza kuipokea kamili hadi afikishe miaka 60, na kiasi hicho kingebaki vilevile miaka yote hiyo huku bei zikipanda. Bima ya afya ya serikali, ambayo mstaafu wa kawaida huendelea nayo uzeeni huku serikali ikichangia sehemu kubwa ya ada, ingekatika. Angeweza kuiendeleza miezi 18, akilipa ada yote mwenyewe. Asiyejua gharama za hospitali za Marekani hawezi kuelewa uzito wa mstari huo mmoja.

Halafu tukahesabu upande wa pili: asijiuzulu, na aje apunguzwe kazi rasmi. Sheria inampa fidia ya wiki moja kwa kila mwaka katika miaka kumi ya kwanza, na wiki mbili kwa kila mwaka baada ya hapo. Kumi jumlisha ishirini na mbili, wiki 32. Juu yake kuna nyongeza ya umri kwa waliovuka miaka 40, asilimia 2.5 kwa kila miezi mitatu kamili. Kwake yeye ni asilimia 70. Inazidi wiki 54, na kikomo cha sheria ni 52. Yaani kile alichokuwa akitishwa nacho, kupunguzwa kazi, kingemlipa mshahara wa mwaka mzima, tena juu ya mishahara ambayo angekuwa ameipokea akiendelea kufanya kazi. Na aliyepunguzwa ana haki ya kuomba fao la kukosa ajira, haki ambayo kwa kawaida anayejiuzulu mwenyewe anaikosa.

Yote haya hayakuwemo kwenye ile barua. Dada hakutuma jibu. Mwenzake wa dawati la jirani, mwenye miaka inayokaribiana na yake kazini, alituma, kwa sababu alipomuuliza msimamizi wao aliambiwa kwamba hata yeye hajui zaidi ya kilichoandikwa mle. Kwenye takwimu za Kupor, huyo amehesabiwa miongoni mwa asilimia 80.

Kuna walionufaika, na nitawatendea haki. Aliyekuwa na umri wa miaka 50 na utumishi wa miaka 20, au wa umri wowote mwenye miaka 25 kazini, idara yake ikiwa imeruhusiwa kutoa kustaafu mapema, aliondoka na pensheni inayoanza mara moja, bila kukatwa kwa sababu ya umri, na bima yake ya afya mkononi mradi awe ameshikilia bima hiyo miaka mitano mfululizo. Aliyekuwa anafikisha sifa za kustaafu kabla ya 31 Desemba 2025 aliruhusiwa kusogeza tarehe yake hadi hapo. Watu hao nawajua, na wengine wamenishukuru kwa kuwasukuma wakubali. Kama ningekuwa na miaka 61 na mizigo imeshafungwa, ningekubali siku ileile. Idara nyingine zilitoa pia kiinua mgongo cha kuondokea, kisichozidi dola 25,000 kabla ya kodi, kiwango kilichowekwa enzi za Clinton katikati ya miaka ya 1990 na ambacho hakijapandishwa tangu hapo kwa idara nyingi. Na ukirudi serikalini ndani ya miaka mitano unakirudisha chote. Soma sharti hilo kabla hujasaini.

Mfano ninaourudia kila mahali ni wa Idara ya Maveterani. Mapema 2025 walitangaza mpango wa kupunguza watu wapatao 80,000. Julai wakasema hapana, upunguzaji mkubwa hautakuwepo tena, kwa kuwa karibu watu 30,000 wangekuwa wameondoka kufikia 30 Septemba kwa kustaafu, kujiuzulu na njia nyingine za kawaida. Tuwaambie nini wale waliokimbia panga ambalo halikushuka? Waliamua kwa taarifa waliyopewa, na taarifa hiyo ikabadilika wakiwa wameshatoka mlangoni.

*

Nimesoma michango yenu. Najibu ile iliyonigusa.

Mdau wa Dodoma anauliza: mtu analipwa miezi minane amekaa nyumbani, analalamika nini, wakati huku wastaafu wanahangaika na mafao? Ndugu yangu, nakuelewa kabisa. Lakini wewe ndiye wa kwanza kunielewa mimi. Mnakumbuka kikokotoo cha mafao ya wastaafu Tanzania. Kanuni za 2018 ziliposhusha mkupuo hadi asilimia 25 watumishi walipiga kelele mpaka Rais Magufuli akasitisha, na 2022 ikaja asilimia 33. Hakuna mwalimu wala muuguzi Tanzania aliyekubali kuambiwa asihesabu kwa sababu kuna wengine wasio na chochote. Kila mmoja alikaa akapiga hesabu ya mkupuo wake na pensheni yake ya mwezi. Huyu wa Maryland naye alistahili muda huohuo.

Mwingine anasema sekta binafsi watu wanafukuzwa kila siku kwa barua pepe, kwa nini mtumishi wa umma abembelezwe? Hakuna aliyeomba kubembelezwa. Bunge la Marekani lilishaweka utaratibu wa kupunguza kazi serikalini: huangaliwa aina ya ajira, utumishi wa kijeshi, miaka ya kazi na tathmini ya utendaji. Utaratibu huo ni mgumu kwa makusudi, ili anayeingia Ikulu asiweze kufagia ofisi kwa jinsi anavyojisikia. Ofa ya kujiuzulu iliupita pembeni utaratibu huo. Matokeo yake ni kwamba wanaotoka si wale ambao kazi zao hazihitajiki, ni wale wenye pa kwenda. Mamlaka ya kodi, IRS, ilipoteza takriban robo ya wafanyakazi wake katika miezi ya mwanzo ya 2025, kisha majira ya kiangazi ikaruhusu baadhi ya waliokubali kujiuzulu wabaki. Wizara ya Kazi nayo iliwarudisha baadhi ya watu wake. Sasa hapo hesabu ya kubana matumizi iko wapi? Ripoti ya maseneta wa Democratic katika kamati ndogo ya uchunguzi, ya Julai 2025, ilikadiria kwamba kuwalipa watu miezi yote hiyo bila kufanya kazi kungegharimu dola bilioni 14.8. Sawa, wana upande wao kisiasa, na makadirio yao yanaweza kubishaniwa. Lakini kwamba watu walilipwa kwa kuzuiwa kufanya kazi, hilo halibishaniwi na yeyote.

Ndugu wa Nakuru amekumbusha mpango wa Kenya wa kustaafu mapema kwa hiari, katika mageuzi ya utumishi wa umma ya miaka ya 1990, uliolenga zaidi ngazi za chini. Asante kwa hilo. Watu wa ngazi ya chini ndio wasio na wakili wala mhasibu wa kumwuliza, na ndivyo ilivyokuwa Marekani pia: wenye vyeo walijua pa kupiga simu.

Kuna aliyeuliza kama nina pendekezo au nalalamika tu. Ninalo. Tayari sheria ya Marekani ya kuwalinda wafanyakazi wenye umri mkubwa inataka mtu wa miaka 40 na zaidi, akiombwa asaini kuachia madai yake katika mpango wa kundi, apewe siku 45 za kufikiri, na siku 7 za kujirudi baada ya kusaini. Katika awamu za baadaye idara zilizowapa watu mikataba ya namna hiyo zilifuata. Bunge lifanye hivyo kwa kila mtumishi, awe na miaka 25 au 60, na ofa yoyote iambatane na makadirio ya maandishi ya pensheni, bima, na fidia ambayo mtu angepata kama angepunguzwa. Ofa isiyo na karatasi hiyo ihesabike batili. Hapo mtu akiondoka, sitabisha tena kwamba alichagua.

Mwisho, kwa waliochagua kustaafu na bado wanasubiri. Septemba 30 mishahara ya wengi ilikoma, na kesho yake, 1 Oktoba, serikali ikafungwa kwa siku 43. Mafaili ya karatasi ya wastaafu huhifadhiwa Boyers, Pennsylvania, ndani ya machimbo ya zamani ya chokaa chini ya ardhi, na wimbi la maombi ya mwaka huo lilikuwa kubwa kuliko kawaida. Wakati faili linashughulikiwa OPM hulipa pensheni ya muda, ambayo huwa pungufu ya ile kamili. Usiipangie bajeti kana kwamba ndiyo yako ya kudumu. Weka nakala za fomu zote za ajira yako, hasa zile za miaka ya mwanzo, maana mwaka mmoja ukikosekana kwenye hesabu unakupunguzia kila mwezi hadi kufa.

Walioondoka mko humu, najua. Tuambieni: mlipoamua, mlikuwa na makadirio mkononi au mlikuwa na ile barua peke yake?