Mrejesho: Plan II au Barrett kwa anayetaka kuhamia uhandisi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nichague ipi kati ya programu mbili za wanafunzi wenye ufaulu wa juu hapa Marekani: Plan II ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, au Barrett ya Arizona State. Uhandisi wa umeme ndio ninaoutaka, ila sikuuombea moja kwa moja.

Nimechagua Barrett. Aliyesema "uliza kwanza, ukihama unabaki na nini?" ndiye aliyemaliza ubishi. Plan II yenyewe ni shahada ya sanaa. Ukitaka na uhandisi unabeba shahada mbili, na nafasi za kuhamia uhandisi pale Austin zinagombewa kwelikweli. Barrett inachukua wanafunzi wa fani zote, hivyo nikihama kozi uanachama wangu unabaki palepale. Kuna ada ya ziada na tasnifu mwishoni, hilo nimelikubali.

Mzee aling'ang'ania Austin kwa ajili ya jina (na jirani na nyumbani, tuseme ukweli). Alilegea alipoona barua ya ufadhili.

Muhula wa kwanza naanza na kalkulasi, kisha maombi ya kuhama. Asanteni, hasa mlionipigia hesabu za ada.