Je, hitilafu ya mitokondria husababisha skizofrenia, na mama ndiye anayeirithisha?

Mlezi

Salaam, ndugu zangu. Mdogo wangu anatibiwa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, na nimesoma kwamba mitokondria, yaani vile viungo vidogo vinavyozalisha nishati ndani ya seli, huwa na kasoro kwa wagonjwa wa aina yake. Mama yetu aliposikia kwamba mtoto hurithi mitokondria kwa mama pekee, alianza kujilaumu, na sasa halali. Naomba wenye ujuzi mnieleze kama lawama hiyo ina msingi wa kisayansi, na kama vidonge vya kuongeza nishati vinavyouzwa kila mahali vinaweza kumfaa mgonjwa.

Mwanabaiolojia

Pole sana, ndugu yangu, na tafadhali mfikishie mama jibu hili leo hii. Ni kweli kwamba DNA iliyomo ndani ya mitokondria hutoka kwa mama, lakini DNA hiyo ina jeni 37 tu, na kati ya hizo ni 13 pekee zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini, ilhali mitokondria ya binadamu hutumia protini zaidi ya 1,100. Zilizobaki zote hutokana na jeni zilizomo katika kiini cha seli, ambazo mtoto huzipata kwa baba na mama kwa pamoja. Hata kompleksi ya kwanza, sehemu ya mitokondria inayotajwa zaidi katika tafiti za skizofrenia, ina protini zaidi ya 40, na ni 7 tu zinazotokana na DNA ya upande wa mama. Isitoshe, kama ugonjwa huu ungefuata njia hiyo peke yake, baba mwenye skizofrenia asingeweza kuurithisha uwezekano wa kuugua, jambo ambalo halilingani na yanayoonekana katika familia.

Yapo magonjwa adimu ya DNA ya mitokondria yanayoweza kuleta dalili za saikosisi, yaani hali ya kupoteza uhalisia kama vile kusikia sauti zisizokuwepo, lakini kwa kawaida huambatana na mambo mengine kama kifafa, udhaifu wa misuli, uziwi au kisukari. Mambo hayo yakijirudia katika ukoo wa mama, daktari aambiwe.

Mfamasia

Naongezea kuhusu ushahidi wenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotoka. Ubongo una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, kwa hiyo si ajabu kushuku mitokondria. Tatizo ni kwamba vipimo haviendi upande mmoja: Dorit Ben-Shachar na wenzake huko Israeli walikuta utendaji wa kompleksi ya kwanza umepanda katika chembe sahani za damu za wagonjwa, ilhali tafiti kadhaa za tishu za ubongo wa marehemu zimeonyesha kwamba umeshuka. Zaidi ya hayo, haloperidoli na baadhi ya dawa nyingine za saikosisi huizuia kompleksi hiyohiyo, hivyo mtafiti anayepima ubongo wa mtu aliyetumia dawa kwa miaka mingi hupata shida kubwa kutenganisha athari ya ugonjwa na athari ya dawa. Nawasihi msiitumie hoja hii kumwachisha mgonjwa dawa, kwa maana kurudiwa na saikosisi ni hatari iliyo wazi, ilhali faida ya kuinusuru mitokondria kwa kuacha dawa haijathibitishwa.

Vidonge vya nishati navyo si tiba iliyothibitishwa. Mkitaka kujaribu chochote, hata asetilisisteini, aina ya kirutubisho cha kulinda seli ambayo imefanyiwa majaribio kadhaa, daktari aulizwe kwanza.

Mlezi

Nawashukuru mno. Je, upo utafiti uliokwepa tatizo hilo la dawa?

Mwanabaiolojia

Upo, na binafsi naona ndio wenye uzito kuliko mwingine. Watu waliopungukiwa na kipande cha kromosomu ya 22 kiitwacho 22q11.2, ambacho hubeba jeni kadhaa za mitokondria, hupata skizofrenia kwa kiwango cha takriban mmoja kati ya wanne. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wanasayansi waliotesha seli za neva kutokana na seli shina za watu hao, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ndani ya maabara, walikuta kwamba seli za wale waliougua zilizalisha nishati pungufu, huku seli za wale wenye upungufu uleule wa kromosomu lakini wasiougua zikiwa zimeongeza utengenezaji wa mitokondria na kuufidia upungufu huo. Seli hizo zilioteshwa upya, mbali na damu yenye dawa, kwa hiyo dawa haziwezi kulaumiwa kirahisi. Hata hivyo, matokeo hayo yanahusu kundi dogo lenye kasoro mahususi. Kwa wagonjwa wengi, jeni zilizotambuliwa zinahusu zaidi sinapsi, yaani maungio ambamo seli za neva hupashana habari, na huenda mitokondria huamua ni kwa kiasi gani ubongo unaweza kustahimili kasoro iliyoanzia kwingine.

Kuhusu mdogo wako, swali la kumpelekea daktari ni kama zipo dalili za kuhalalisha kipimo cha 22q11.2, kwa mfano kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, kaakaa lenye ufa au upungufu wa kalisi tangu utotoni.